Mapepe na Mtafsiri

Mchungaji Wahome alizaliwa Nyeri, akasomea Nyeri, na Kiswahili cha kuitisha mbavu za mbuzi pale Soko la Burma alikijua kama mkazi yeyote wa Eastlands. Lakini Jumapili akishapanda madhabahuni, Kiswahili kilimkauka mdomoni. Alihubiri kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha puani, kwa sababu waumini wa Kanisa la Mlima wa Neema hapo Maringo walishaamua kwamba mchungaji anayehubiri Kiswahili ni mchungaji wa kibandani. Basi ilibidi awepo mtu wa kusimama kando yake, ayarudishe maneno kwenye lugha ambayo mhubiri na wahubiriwa waliijua wote tangu utotoni. Mtu huyo alikuwa Patrobas Bwire.

Msicheke. Kazi hiyo ina heshima yake, na Patrobas aliifanya vizuri kuliko wote waliowahi kuijaribu. Wahome akisema kwa kifupi kwamba Mungu ni mwema, Patrobas alishika maikrofoni kwa vidole viwili, akafumba macho, akasema, "Mungu ni mwema, tena wema wake hauna kipimo wala mpaka, na anayeuonja mara moja hashibi kitu kingine." Akina mama walipiga vigelegele. Wapo waliokiri kwamba mahubiri waliyokuwa wakiyasubiri ni yale ya pili, na Mchungaji alikuwa akipasha moto tu.

Siku za kazi alipakia katoni za sabuni kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area, akivaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini. Jumapili alivaa suti ya kijivu kutoka Gikomba, na mke wake Lorine aliipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe. Mtaani hakuitwa Patrobas wala Baba Clare. Aliitwa Mtumishi. Vijana waliokuwa wakivuta sigara kwenye kona walizificha mgongoni akipita. Wakazi walipokutana kujadili uchafu na wizi, yeye ndiye aliyesimama kudai vibanda vya pombe vifungwe vyote, na alisema kwa Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba hata wenye vibanda walitikisa vichwa kwa kukubali.

Sasa nifuateni Ijumaa jioni, kiwanda kinapofungua geti.

Ijumaa Patrobas hakuvuka Jogoo Road kwenda moja kwa moja nyumbani. Alimwambia Lorine kwamba ana ushirika wa wanaume. Alishika njia ya Kaloleni, akapenya katikati ya nyumba za zamani, mpaka kwenye banda la mabati lililoegemezwa nyuma ya nyumba ya Nasike. Nasike alikuwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji. Alipika busaa ya mahindi na wimbi kama alivyofundishwa na nyanya yake huko Bungoma: unga unavundikwa, unakaangwa juu ya bati mpaka unanukia mtaa mzima, kisha unatiwa kimea na kuachwa uchachuke. Ni kinywaji ambacho kwao wazee wamekunywa miaka na mikaka wakazikwa na meno yao.

"Niaje, Mapepe!" walimpokea.

"Poa, mabuda! Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!"

Hapo hakuna aliyewahi kumwita Patrobas. Kwa mama pima kuna sheria moja isiyoandikwa popote: jina la huko nje huachwa huko nje, na jina la humo ndani halitoki. Yeye walimbatiza Mapepe kwa sababu hakutulia. Aliimba, alicheza, alitukana, aliigiza meneja wa kiwanda mpaka watu wakashika mbavu. Kile Kiswahili cha madhabahuni kilimpotea kabisa. Alizungumza Sheng ya zamani aliyoiokota hapo hapo Kaloleni alipokuja ujanani kuishi kwa mjomba wake, Sheng ambayo vijana wa leo wangeicheka kama suruali pana.

Mngemwona mngesema ni ndugu wa Mtumishi, yule aliyeshindikana. Na yeye mwenyewe alimchukulia hivyo. Mapepe alikuwa na mkono mwepesi. Kuna siku alimzaba mtu kofi kwa sababu ya kiti, na siku nyingine alivunja meza. Kesho yake Patrobas, akijipaka mafuta mbele ya kioo, aliwaza, "Mapepe amekosea tena," kama mwenye nyumba anayemwazia mpangaji msumbufu. Hakuomba msamaha. Mtu ataombaje msamaha kwa kosa la mpangaji?

Na Lorine? Lorine ndiye aliyeifua ovaroli. Pua alikuwa nayo. Lakini yeye alikuwa mke wa Mtumishi, na cheo hicho kina utamu wake: kiti cha mbele, salamu za mikono miwili, kuitwa kuwafunda mabibi harusi. Aliongeza sabuni kwenye beseni, akanyamaza.

Ijumaa iliyoharibu mambo ilikuwa ya mvua. Wateja wengi walibaki makwao. Katika banda kulikuwa na Nasike mwenyewe, Mapepe, na mzee Aloo, fundi wa viatu aliyekaa karibu na geti la shule, Mjaluo mwembamba mwenye mzaha usio na breki. Na kumbe Jumapili iliyopita Aloo alikuwa amealikwa kanisani Maringo, mjukuu wake akiwekwa wakfu. Alikuwa ameketi nyuma, amemwona Mapepe amevaa suti, ameshika maikrofoni, na karibu aanguke kwenye benchi.

Aliingoja Ijumaa kama mtoto anavyoingoja Krismasi. Alipokwisha kulowesha koo, alichukua kopo tupu, akaliweka mdomoni, akafumba macho.

"Nasike, wewe hubiri. Mimi natafsiri."

"Nihubiri nini mimi?" Nasike alisema huku akicheka.

"Lolote."

"Haya. Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema," Aloo akaunguruma ndani ya kopo, akiinua kidole kimoja hewani vile vile kama anavyofanya Mtumishi, "tena wema wake hauna kipimo wala mpaka!"

Nasike alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mapepe naye alicheka, kwa sababu ilikuwa sawasawa kabisa, kila kitu kilikuwemo, hata kile kikohozi kidogo cha kabla ya Amina. Kisha Aloo akainama kwa adabu mbele yake.

"Amina, Mtumishi Patrobas!"

Kicheko kilikatika. Jina lile halijawahi kutamkwa ndani ya mabati yale.

"Usiniite hivyo hapa," alisema.

"Kwani Mtumishi haji kwa wenye dhambi?"

"Mzee, nimekuambia wacha. Wacha hiyo mchezo."

"Bwana asifiwe, Mtumishi Patrobas Bwire! Simama utusalimie, wewe na mama wa nyumbani!"

Mapepe alimsukuma kwa viganja viwili kifuani. Hakumpiga, na wala hakusukuma kwa nguvu zake zote. Lakini Aloo alikuwa mwepesi na sakafu ililowa. Alirudi kinyumenyume, akakanyaga maji, akaanguka, na kisogo kikagonga ukingo wa saruji uliozunguka bomba la maji. Kopo lilibiringika mpaka mlangoni.

"Mapepe!" Nasike alipiga kelele. "Mapepe, umefanya nini?"

Mapepe alisimama akiitazama mikono yake. Kisha akaokota mfuko wake, akatoka, akatembea kwenye mvua hadi Maringo, akala ugali na sukuma, akaongoza sala ya jioni. Nasike ndiye aliyekaa kwenye maji na kichwa cha Aloo mapajani, akiwaita majirani.

Aloo alikufa hospitalini bila kufumbua macho. Kabla hajazikwa, mtaa ulikuwa umeshajua kilichomwua. Redio zilikuwa zikizungumza juu ya pombe yenye sumu, na mtu hahitaji zaidi ya hapo. Mzee alianguka wapi? Kwa mama pima. Basi ni pombe. Wengine waliapa kwamba alikufa akiwa kipofu. Wengine walisema Nasike hutia dawa ya kuhifadhia maiti. Walioapa kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao matako yao yaliyajua vizuri mabenchi ya lile banda. Nyani haoni kundule, na wa Kaloleni hawana tofauti na wengine.

Nasike aliposema kwamba Aloo alisukumwa, chifu alimwuliza alisukumwa na nani. Hapo alinyamaza. Miaka yote ile hakuwahi kumtaja mteja, na aliamini kwamba mwenyewe atajitokeza. Mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, atamwachaje mwanamke afungwe kwa ajili yake? Hivyo ndivyo alivyowaza, masikini.

Kanisa nalo likaingia. Mzee Gitonga, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alimwendea Nasike pamoja na Jecinta, kiongozi wa akina mama wa maombi. Huyu Gitonga hakuwa adui wa chupa. Yeye hunywa zile zenye lebo, pale Burma, pamoja na nyama, na chupa yenye lebo, kama mnavyojua, si dhambi. Walimwambia Nasike aje Jumapili atubu hadharani, amwage pombe yake, nao watamsemea kwa chifu jambo lihesabiwe kuwa ajali. Nasike alikubali haraka kuliko walivyotarajia. Wao walidhani ni Roho ameshamgusa. Yeye alikuwa amekumbuka ni nani anayeshika maikrofoni.

Wiki hiyo Patrobas hakulala vizuri, na hili nalisema kwa haki yake. Jumatano alimweleza Lorine kila kitu, akiwa ameketi kitandani na soksi mkononi.

"Nitasema Jumapili," alimalizia. "Nitasimama niseme ni mimi."

Lorine aliichukua ile soksi, akaikunja. Alikuwa Mbukusu kama Nasike. Wazazi wao walikuwa wanatoka kata moja, na ndiyo sababu Nasike alimwita Patrobas shemeji.

"Baba Clare," alisema, "wakwe wanakuja kumposa Clare mwezi huu. Yule baba mkwe ni mzee wa kanisa Kakamega. Unataka wamkute msichana ambaye baba yake aliua mtu kwenye busaa?"

"Na Nasike?"

"Nasike alijua kazi anayoifanya." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Aloo hatarudi. Clare yupo. Mimi nipo. Fikiria wale waliopo."

Jumapili Nasike alifika mapema, amevaa gauni la maua na leso mpya mabegani, nywele amezifunga kwa kitambaa cheupe. Alimkuta Patrobas mlangoni akijaribu maikrofoni.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini, "mimi sikuja kutubu. Nimekuja unisemee. Sema ulimsukuma kwa mchezo, hukukusudia, na mimi nitasema vivyo hivyo. Jina lako sikulitoa mahali. Litoe mwenyewe."

"Nimesikia, mama," alisema. "Leo nitasema."

Na alimaanisha. Watu wakisimulia habari za wanafiki hudhani kwamba mnafiki hujua tangu asubuhi kwamba atadanganya. Patrobas alipanda madhabahuni akiwa na ukweli ulioiva mdomoni, amechagua hata maneno ya kuanzia.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye madirisha. Wahome alihubiri juu ya ulevi, na Patrobas alitafsiri. Kisha Nasike akaitwa mbele. Alipiga magoti kama alivyoambiwa. Mchungaji akauliza kwa Kiingereza chake, na Patrobas akageuza: "Mama, liambie kanisa, ni kitu gani kilichomwua mzee Aloo?"

Maikrofoni ilikuwa moja, na ilikuwa mkononi mwa mtafsiri. Ndivyo ilivyokuwa desturi hapo: mtu wa kawaida akitoa ushuhuda, husema kwa sauti yake ndogo, na mtafsiri huyarudia maneno ili wote wasikie. Sauti ya Nasike haikufika hata benchi la pili.

"Hakuuawa na pombe. Alisukumwa."

"Anasema," Patrobas akarudia, na spika zikaitikia, "mzee Aloo hakuuawa na pombe. Alisukumwa."

Minong'ono ikapita kanisani. Mchungaji Wahome akakunja uso. Akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza, na kwa kuwa aliuliza kwa Kiingereza, ilimbidi Patrobas aliulize kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ni nani aliyemsukuma?"

Nasike aliinua macho, akamtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Alikuwa anamfungulia mlango. Hata pale, mbele ya kanisa zima, aliishika sheria ya banda lake, akatumia jina la ndani, amwachie mwenyewe kuliunganisha na la nje.

"Ni Mapepe," alisema.

Patrobas aliinua maikrofoni. Aliwaona Lorine na Clare kwenye kiti cha mbele. Alimwona Gitonga amekunja mikono. Aliona nyuso zile zote zilizomngoja, kama zilivyomngoja kila Jumapili, zikiamini kwamba atakachokitoa mdomoni ndicho kilichosemwa.

"Anasema," alisema, "ni mapepo."

Irabu moja tu. Kanisa lililipuka.

"Si mapepo!" Nasike alilia. "Nimesema Mapepe! Mapepe!"

Lakini nani angemsikia? Jecinta alikuwa ameshamshika kichwa, akina mama wa maombi wamemzunguka, mabenchi yanasukumwa, watu wamenyoosha mikono. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuhakikishiwa, maana kila mtu anajua kwamba pepo likiguswa hupiga kelele. Mchungaji Wahome akavua koti. Aliamuru kwa Kiingereza, na mtafsiri akaamuru kwa Kiswahili.

"Toka! Ewe pepo mchafu, uliyemwua mzee asiye na hatia, toka ndani ya mama huyu! Hapa si kwako! Toka!"

Inatisha kulisema hili, lakini hakuwahi kutafsiri vizuri namna ile. Jasho lilimtiririka, sauti ilipanda na kushuka, na palikuwa na machozi ya kweli ndani yake. Waliokuwa nje madirishani walianguka chini. Alimwamuru Mapepe atoke, na Nasike, aliyeshikwa mikono na miguu, ndiye aliyekuwa akitikiswa.

Mwishowe Nasike alichoka. Kitambaa kilikuwa kimeanguka, gauni limechanika kwapani. Alilegea mikononi mwao.

"Basi," alisema. "Ni mapepo. Niacheni."

"Amekiri!" Patrobas alirudia kwenye maikrofoni. "Anasema ni mapepo!"

Wakapiga makofi, wakaimba.

Jumatatu Gitonga alikwenda kwa chifu, lakini si kumsemea mtu. Alisema mwanamke amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi wengi kwamba pombe yake ina mambo ya giza. Kanisa, alisema, haliwezi kumtetea muuaji. Limemwombea, na hilo linatosha. Askari walikuja Kaloleni, wakapindua mitungi, wakambeba Nasike. Busaa ilitiririka kwenye mtaro, na wateja wa zamani walisimama kandokando wakiangalia, wameziba pua.

Wakwe walikuja kutoka Kakamega. Walikula, walikunywa soda, walimsifu Clare. Yule baba mkwe alikuwa ameshasikia habari za Jumapili ile, na alimwomba Patrobas amsimulie yeye mwenyewe pepo lilivyotoka. Patrobas alisimulia. Lorine alikuwa akiwamiminia wageni chai.

Hakwenda tena kwa mama pima yeyote. Alidhani Mapepe atakufa kwa kiu. Lakini kiu haikuwa ya busaa. Alianza kumsikia humo humo madhabahuni, katikati ya sentensi, akicheka kwa kile kicheko cha Ijumaa, na ilimbidi akohoe ili kumfunika. Siku moja baada ya ibada alimfuata Gitonga kwenye chumba cha sadaka, akafunga mlango.

"Mzee, kuna jambo juu ya Aloo."

Gitonga aliinua mkono wake mara moja. "Mtumishi, usiniambie jambo ambalo nikishalijua itanibidi nilifanyie kazi."

"Lakini yule mama hana..."

"Unaniambia au unanyamaza?"

Patrobas alinyamaza. Gitonga akampigapiga begani kwa upole wa kweli, kama baba, na akamkumbusha kwamba Jumapili ijayo kuna wageni.

Ndipo Patrobas alipoamua kwenda kituo cha polisi. Aliomba ruhusa kiwandani, akaenda mchana wa jua kali na ovaroli yake. Njiani alijisemea maneno, tena na tena, kama anavyofanya kabla ya ibada kubwa. Alikuwa na hofu, ila kwa mara ya kwanza tangu mvua ile alikuwa pia na tumaini kidogo, na lilimuuma kifuani kama chakula kilichokwama.

Askari wa zamu kaunta, Maingi, alimtambua.

"Mtumishi! Karibu sana. Umekuja kuwaombea mahabusu?"

"Nimekuja kusema ukweli, afande. Mimi ndiye niliyemsukuma mzee Aloo."

Maingi alitabasamu, kisha akaacha. Alimtazama juu hadi chini, na usoni mwake palionekana huruma, ile tunayowapa watu waliofunga na kuomba kupita kiasi.

"Mtumishi, unajua unalolisema?"

"Najua. Yule mama hana kosa."

"Sawa. Mimi sitaki mchezo hapa. Namleta mwenyewe. Akisema ni wewe, nakuandika maelezo saa hii hii."

Nasike alitoka nyuma bila viatu, kichwa wazi, nywele zimeota mvi ambazo Patrobas hakuwa amewahi kuziona. Alipomwona hakushtuka. Alisimama upande ule wa kaunta, mikono imeshika kiuno kama mtu mwenye maumivu.

"Mama," Maingi alisema, "huyu anasema ni yeye aliyemsukuma mzee. Ni kweli?"

Nasike alimtazama Patrobas. "Muulize anaitwa nani."

"Kwani humjui?"

"Wewe muulize tu, afande. Muulize jina."

Maingi alishusha pumzi, akachukua kalamu. "Haya, mzee. Jina?"

Patrobas alijua anachotakiwa kusema. Mtu yeyote angejua. Zilikuwa silabi tatu. Lakini swali liliulizwa na mtu mwenye kofia na kalamu, na mdomo wake ulikuwa umeshazoeshwa miaka mingi mno. Ulijibu wenyewe, kwa sauti ile ya spika, wazi na ya kupendeza.

"Patrobas Bwire. Mtafsiri, Kanisa la Mlima wa Neema, Maringo."

Nasike alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipokea jibu alilolitarajia.

"Patrobas hajawahi kukanyaga kwangu," alisema.

"Nasike!" Sauti ilimpasuka. "Shemeji, mwambie! Tafadhali, mwambie ni mimi!"

"Nimwambie nini? Nilishasema mara moja mbele ya watu wote, na wewe ukageuza." Hakuinua sauti. "Sina nguvu ya kusema tena ugeuze tena. Nirudishe, afande."

Maingi alimrudisha. Patrobas alibaki pale kaunta. Alilingoja lile jina lingine lije. Mlango wa chuma ulifungwa huko nyuma, na jina halikuja.

"Nenda nyumbani, Mtumishi," Maingi alimwambia aliporudi, akafunika kalamu. "Huzuni humfanya mtu aseme mengi. Tena nikuombe, mke wangu hana hali nzuri. Umkumbuke kwenye maombi."

"Nitamkumbuka," Patrobas alisema.

Alitoka nje kwenye jua. Alitembea mpaka Jogoo Road, na pale kando ya barabara, akisubiri magari yapungue, aligundua kwamba amekuwa mwepesi. Miguu yake ilikuwa myepesi, kifua kimefunguka. Alikwenda, alisema, hakuaminiwa. Hakuna anayeweza kumdai zaidi. Alisimama akilia kwa uchungu katikati ya wapita njia, kwa sababu alijua, kwa wepesi ule, kwamba hatarudi tena kule kituoni.